Nimetoka kuzurura kwenye majumba ya Kabaka (mfalme wa Buganda) kule Kampala, sasa nauliza: mgeni akija Dodoma tunampeleka wapi?

Mtoto wa Mvumi

Wakuu mbukwenyi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu hatugombani.

Juzi kati nilienda Kampala kwenye harusi, mtoto wa mama mdogo kaolewa na Muganda. Sherehe ilipoisha wenzangu wakapanda basi kurudi, mimi nikasema siwezi kusafiri kutoka Dodoma mpaka Uganda afu nirudi nimeona ukumbi na sahani ya matoke tu, nikabaki kwa shemeji nikawa kila asubuhi nachukua boda natafuta hayo majumba ya wafalme tuliyokuwa tunayasoma shuleni kwenye historia.

Nikaanza na Kasubi. Kama mnakumbuka ndo yale makaburi yaliyoungua 16 Machi 2010, ikawa habari dunia nzima na siku iliyofuata pakatokea vurugu kubwa watu wakauawa kwa risasi. Chanzo cha ule moto mpaka kesho ukimuuliza Muganda kila mmoja ana lake. UNESCO walikuwa wameshaiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2001, baada ya moto wakaihamishia kwenye orodha ya vilivyo hatarini na wakaitoa huko 2023 baada ya kujengwa upya. Sasa nyie mkisikia ikulu ya mfalme najua mnawaza maghorofa na nguzo za marumaru, pale ni nyumba moja ya duara ya nyasi, ila aisee ni nyumba! Kipenyo chake mita 31. Paa limeshuka mpaka karibu na ardhi, nyasi zimekatwa kwa usawa kama mtu kanyolewa na kinyozi wa mjini. Mutesa I aliijenga 1882 akiwa hai kama kasri lake, alipofariki 1884 akazikwa humo humo, baadae wakafuata Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Wafalme wanne kwenye nyumba moja.

Muongozaji aliyenipokea ni kijana mdogo tu, nadhani hajafika hata miaka 30, lakini kijana anaongea hashiki karatasi. Kaniambia ndani kuna pazia la magome ya mti wa mutuba, nyuma ya pazia ndo msituni, huko mgeni haendi, mana kwa Waganda Kabaka hafi, anaingia msituni. Kwenye paa kuna mapete 52 ya kufungia mianzi na matete na kila moja ni ukoo. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, sio tenda wala nini, ukiwa sio Ngeye huna mamlaka ya kuezeka ile nyumba hata uwe injinia. Na zile nyumba ndogo zinazozunguka uwanja wanaishi akina mama wanaotunza pale, wanapokezana kwa koo zao. Kuna bibi mmoja alikuwa kakaa kwenye mkeka anasuka nikamsalimia kwa Luganda nilichofundishwa na shemeji, akacheka sana akanijibu kirefu mpaka nikashindwa pa kuingilia.

Wanaume vaeni suruali za heshima, dada zetu bebeni kitenge au sketi ndefu, usiende na suruali ya kubana utaishia kufungwa khanga getini.

Kutoka hapo nikaenda Mengo. Bulange ndo jengo la bunge lao, Lukiiko, na kutoka Bulange kuna barabara imenyooka kama rula inapanda mpaka geti la Lubiri, yani kasri lenyewe. Katikati ya hiyo barabara kuna mzunguko, sisi wote tunazunguka kama kawaida, Kabaka yeye ana njia yake inayokata katikati, kuna geti dogo linafunguliwa anapita bila kukunja kona. Kwa nini? Kwa sababu mfalme hapindi. Nilisimama pale nacheka peke yangu, ila ukifikiria vizuri hiyo ndo serikali, yule jamaa hana jeshi hana polisi lakini barabara inampisha.

Ndani ya Lubiri pale ndo furaha iliniishia. Kasri lenyewe linaitwa Twekobe, wanakuonyesha kwa nje tu huingii. Lakini wanakushusha bondeni nyuma, kuna handaki la zege lilijengwa enzi za Idi Amin kama ghala la silaha, ikaja kuwa gereza la mateso. Korido moja ndefu, pembeni vyumba havina dirisha, na pale mlangoni kulikuwa na maji wanayapitishia umeme ili mtu asitoroke. Ukutani bado kuna maandishi ya waliokuwa wamefungwa na alama za viganja. Muongozaji pale hakuongea sana. Na mimi sitaongea sana.

Sasa swali langu, na ndo sababu ya uzi. Usiku ule shemeji yangu Muganda akaniuliza, "na nyie kwenu Dodoma si ndo mji mkuu, nikija mtanionyesha ikulu gani ya zamani?" Wakuu nilijing'ata ulimi. Nikamwambia kuna Bunge. Akasema hapana, ya zamani. Nikanywa maji.

Anakuja mwezi wa sita na familia. Nimpeleke wapi?

Mpita Njia Area D

Mpeleke Nyerere Square akapige picha na sanamu, mkitoka hapo mbuzi choma, kesho yake mpandishe treni ya umeme ashuke Dar akaone bahari. Uzi ufungwe 😂

Zabibu Kavu

Mpita Njia umemaliza kila kitu hahaha. Ila ongeza msikiti wa Gaddafi, si hata Kampala wanao wa Gaddafi? Mgeni atajisikia nyumbani.

Mtoto wa Mvumi

Zabibu huo wa Kampala nimepanda mnara wake, ngazi zinazunguka mpaka kichwa kinakuuma lakini ukifika juu unaona vilima vyote, Namirembe, Rubaga, Mengo, Kasubi. Na pale msikiti ulipo ndo kilima alichopewa Lugard, yule afisa wa Kiingereza, akajenga ngome ya Waingereza 1890. Nakubali na wa kwetu ni mzuri na nitampeleka. Ila jamani nimesema ya zamani.

Dada wa Chang'ombe

Kaka ikulu ipo Chamwino tena kubwa, Mama Samia aliizindua Mei 2023. Tatizo sio sehemu ya kwenda kutembea, ni ofisi na makazi ya Rais, ukisogea sogea pale na simu unapiga picha utaulizwa maswali mpaka usahau jina lako. Wengi wetu tumeiona kwenye tv tu na wale tausi, mnakumbuka 2020 JPM (Magufuli) aliwagawia marais wastaafu na Mama Maria tausi pale pale Chamwino? Mimi nilitamani nigaiwe hata unyoya.

Kwa hiyo ikulu tunayo ila sio ya kuzurura. Na ni mpya, hiyo hadithi yake bado inatengenezwa, mgeni atakuja kuhadithiwa na wajukuu zetu.

Sina Kabila

Mleta mada umeleta hoja nzuri ila unaielekeza pabaya. Sisi hatuna majumba ya wafalme kwa sababu tuliamua. Sheria ya machifu ilifutwa 1963, Mwalimu hakuwa mjinga. Angalia hao hao unaowasifia: Kabaka Mutesa II alikuwa mfalme wa Buganda na hapo hapo Rais wa Uganda, Obote waziri mkuu, mafahali wawili zizi moja. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi likapelekwa Lubiri likiongozwa na nani? Na huyo huyo Idi Amin. Kasri likapigwa, Kabaka akatoroka akafia London 1969. 1967 falme zikafutwa zote, wamekuja kurudishiwa 1993. Hilo handaki uliloliona ni matokeo ya hayo mambo. Na huyo Amin ndo alituvamia Kagera 1978 tukapeleka vijana wetu.

Kwa hiyo ukiniambia nchi yangu haina jumba la mfalme la kuonyesha wageni mimi nasema asante.

Mtoto wa Mvumi

Mkuu Sina Kabila nimekusoma na sijasema turudishe machifu, nani kasema? Mimi nimezungumzia kukumbuka. Hao Waganda wamepigwa na kasri lao, limeungua kaburi lao, na bado kijana wa miaka 20 na kitu anakuhadithia mwanzo mpaka mwisho pamoja na yale mabaya, handaki hawajalificha, wanakushusha mwenyewe uone. Sisi tumefuta utawala sawa, ila kwani tulifuta na kumbukumbu? Mtemi Mazengo, chifu wa Wagogo, ni wa kijijini kwetu Mvumi. Jina lake liliwekwa kwenye shule, Mazengo sekondari, sa hivi pale ni chuo kikuu cha St John's. Nenda kawaulize wanafunzi wa pale mia moja Mazengo ni nani. Watakwambia ni daladala.

Mzee wa Reli

Vijana hamjambo. Nimekuwa nawasoma tangu asubuhi nikasema ngoja nitulie mana mnatafuta jumba na mnalipita.

Huyo Mutesa mnayemsimulia, hao wazungu waliokwenda kwake walipita wapi? Speke alifika kwa Mutesa 1862. Kabla ya kufika huko yeye na mwenzie Grant walitoka Bagamoyo wakapita hapa hapa Ugogo wakaenda Tabora ndo wakapandisha. Na hapa Ugogo hawakupita bure. Njia ya misafara ilikuwa inakata katikati ya nchi yetu, ukitoka Mpwapwa ukaacha Chunyo unaingia Marenga Mkali, nyika kavu haina tone, watu na punda wanatembea usiku kukimbia jua. Ukitoka hapo salama unakutana na watemi wa Kigogo, wenye visima ni wao. Maji ni yao, mtama ni wao, na njia ni yao. Unataka kupita? Toa hongo.

Na hongo enzi hizo sio hii yenu ya chini ya meza. Ilikuwa ushuru wa wazi unajadiliwa mchana kweupe, msafara unasimama, wazee wanakaa, mtemi anasema idadi ya doti za nguo, merikani ngapi kaniki ngapi, ushanga na nyaya za shaba, mgeni analia anasema ni nyingi, mnajadiliana hata siku mbili tatu. Mkikubaliana ngoma inapigwa mnapita. Mkikataa, kisima hamkigusi. Burton kalipa, Speke kalipa, Stanley 1871 akienda kumtafuta Livingstone kalipa, na Mvumi ni moja ya sehemu alizolipa, kijana wangu mleta mada hapo ni kwenu. Wote hao wameandika vitabu wanalalamika kuhusu Wagogo, ukisoma utacheka, matusi tele. Mimi kila nikisoma hayo malalamiko nafurahi sana. Ina maana babu zetu walikuwa wanakusanya mapato vizuri.

Wale wamisionari wa CMS, Waanglikana wa Uingereza, waliokwenda Buganda kuanzia 1876 nao ni njia hiyo hiyo, Mpwapwa pakawa kituo chao. Kwa hiyo shemeji yako akija usimwambie hatuna kitu. Mwambie dini iliyowafikia kina babu zake ilipita kwetu ikatozwa ushuru.

Jumba la mtemi wa Kigogo lilikuwa tembe. Ukuta wa miti na udongo, paa bapa la udongo, nyumba inazunguka zizi pande zote nne, ng'ombe wako katikati. Tembe halikai miaka mia likiachwa, mvua mbili tatu paa likivuja ndo limekwisha, linarudi ardhini. Waganda nyasi zao nazo zinaoza, tofauti ni kwamba wao wanaezeka tena. Kazi yote iko hapo kwenye kuezeka tena.

Dada wa Chang'ombe

Mzee shikamoo. Hii komenti naihifadhi. Hivi hapa mjini hakuna hata kibao kinachosema njia ya misafara ilipita hapa?

Mzee wa Reli

Marahaba binti. Mimi hapa mjini sijakiona. Mjini penyewe palikuja kukua na reli ya Mjerumani, ilianza kujengwa Dar 1905 ikafika hapa 1910, ikaendelea Tabora 1912 na Kigoma 1914. Stesheni ya zamani bado ipo, mpeleke mgeni pale asubuhi treni ya zamani ikiwepo, afu jioni mpeleke stesheni ya SGR aone miaka mia na kitu imepita. Mimi nimefanya kazi reli maisha yangu yote, hilo jengo la zamani linanikera mana watu wanapita wanaangalia simu.

Mpita Njia Area D

Mzee umenitoa kwenye utani. Nafuta kauli ya mbuzi choma. Sio yote lakini.

Nyalukolo

Kamwene. Naona mnang'ang'ania Dodoma mjini kama vile mgeni kafungwa kamba. Iringa ni barabara ya lami tu mnapita Mtera mnanunua samaki pale bwawani, mchana mko Iringa. Kalenga ndo ilikuwa ngome ya Mkwawa, na makumbusho yapo, na fuvu lake lipo ndani ya kioo. Mjerumani Zelewski alikuja na askari wake tukawamaliza Lugalo Agosti 1891, Wajerumani wakarudi 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga, Mkwawa akapigana porini mpaka 1898 akajiua kuliko kushikwa. Wakamkata kichwa wakapeleka Ujerumani. Fuvu lilirudi 1954 gavana Twining akalileta mwenyewe.

Muganda ataelewa hiyo habari haraka sana. Mwanga wao naye aliwakimbia Waingereza 1897 akavuka mpaka kuja upande wetu wa Mjerumani, wakaja kumkamata baadae wakampeleka Shelisheli akafia huko 1903, mwili umerudi 1910 ndo ukazikwa hapo Kasubi alipotembelea kaka. Wafalme wetu wote hawa walikuja kurudishwa kwa vipande vipande.

Kalenga sio kubwa nawaambia mapema, chumba kidogo tu, mtu akitegemea Twekobe atashangaa. Ila ukisimama mbele ya lile fuvu maneno yanaisha.

Mnyamwezi Asiyebeba Mzigo

Nyalukolo umevuta kamba kusini mimi navuta magharibi. Tabora, Kwihara, tembe la Livingstone. Stanley na Livingstone walikaa hapo 1872 na jengo limetunzwa, tena ndo tembe haswa kama alilolieleza Mzee wa Reli, mtu akitaka kujua nyumba ya wakubwa enzi hizo ilikaaje aende akaone milango ile ya kuchonga. Na Mtemi Isike wa Unyanyembe aliposhindwa 1893 alijilipua na baruti kwenye boma lake kuliko kutekwa. Mkwawa mnamsikia nyie Isike hammsikii, mana sisi hatupigi kelele.

Nyalukolo

Hahaha mnyamwezi wewe tangu lini hampigi kelele.

Sina Kabila

Sawa nakubali hoja ya kukumbuka, Mzee wa Reli kanikalisha. Ila nasimamia jambo moja. Hivi mnavyoongea mnasifia tu ushujaa. Kwenye hiyo njia ya misafara zilipita pembe za ndovu na walipita watumwa wamefungwa. Watemi wengine walikuwa na mkono humo. Kama mnataka muongozaji kama wa Kasubi basi aseme yote, kama wale wanavyoshusha watu kwenye handaki.

Mzee wa Reli

Kweli kabisa kijana. Na iwe hivyo.

Binti Mrangi

Jamani mnazunguka nchi nzima mnaacha kitu cha UNESCO kiko mkoani kwenu 🙄 Michoro ya Kondoa! Imewekwa urithi wa dunia 2006, na kwa mkoa wa Dodoma hakuna kingine chenye hiyo hadhi. Kaka mleta mada shemeji yako anatoka kwenye urithi wa dunia unampeleka kwenye urithi wa dunia, mmelingana.

Unatoka Dodoma barabara ya Arusha, lami mwanzo mwisho, unapita Chemba, Kondoa mjini, unafika Kolo ni kama kilomita 180. Ofisi ya mambo ya kale ipo pale pale barabarani unaingia unalipa unapewa muongozaji. USIENDE mwenyewe milimani, kwanza utapotea pili ni kosa. Mapango ni zaidi ya 150 ila mgeni wa siku moja anaonyeshwa machache, na lile kubwa la Mongomi ndo lenye sifa, unaacha lami unaingia njia ya vumbi mbaya mbaya gari dogo litalia, hafu mnapanda kwa miguu. Ukifika juu unaona nchi yote ya Irangi mpaka macho yanachoka.

Michoro yenyewe ni ya rangi nyekundu, twiga, tembo, nyumbu, na watu wembamba warefu wana vichwa vya ajabu kama wamefuga rasta au wamevaa vinyago, kila mtu anatafsiri anavyojua. Kuna picha moja pale watu wanavutana na mtu wa katikati, wawili kulia wawili kushoto, muongozaji atawauliza nyie mnaona nini, familia yangu tulibishana hapo mpaka jua likatuchoma. Wanasema michoro myekundu ya zamani sana ni ya wawindaji, na Wasandawe hapo Chemba ndo wanaonekana kuwa na undugu nao. Ile myeupe myeupe ya mafuta ni ya baadae ya wakulima. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja miaka ya 1950 akakaa akainakili moja moja.

Afu kitu ambacho Muganda atakipenda: pale bado watu wanafanya matambiko. Mvua ikigoma, mgonjwa akisumbua, wazee wanapanda. Kwa hiyo kama kuna shughuli muongozaji anaweza kuwaambia hapa leo hatupiti, msibishane naye. Sio makumbusho ya kufa, ni kama hiyo Kasubi yenu ya kuvua viatu.

Mtoto wa Mvumi

Binti Mrangi ubarikiwe. Unajua nimezaliwa Dodoma nimesoma Dodoma nimepita hiyo barabara ya Arusha nikiwa nimelala kwenye basi kila siku. Mwezi wa sita hali ikoje huko? Na watoto wadogo wanaweza kupanda?

Binti Mrangi

Mwezi wa sita safi kabisa, mvua zimeshakatika, majani bado hayajawa makavu sana na jua sio lile la mwezi wa kumi. Baridi asubuhi beba sweta. Watoto wa miaka saba nane wanapanda vizuri tu kuliko sisi wazee, wa mgongoni utambeba wewe. Viatu vya kufunga, maji ya kutosha, na hela taslimu usitegemee mtandao wa simu kule juu. Laleni Kondoa mjini gesti zipo ili mpande asubuhi kabla ya jua, mkitoka Dodoma alfajiri mkarudi siku hiyo hiyo mtakuwa mmechoka hamtaona kitu.

Zabibu Kavu

Nauliza upande wa pili mkuu mleta mada, mimi nimetamani hiyo Kasubi. Kwa basi unapita wapi na mpakani wanataka nini? Naogopa mambo ya kurudishwa.

Mtoto wa Mvumi

Zabibu, kwa sisi wa huku unapanda stendi ya Nanenane magari ya Kagera, unapita Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo unatokea Bukoba. Ni mwendo wa kuchosha, beba mto wa shingo na chakula chako. Bukoba pumzika ulale, kesho yake unapita Kyaka lile daraja la vita ya Kagera unafika Mutukula. Mpakani pasipoti ya Afrika Mashariki, asiyekuwa nayo aulize uhamiaji hapa mjini kabla hajaondoka kuhusu hati ya muda, usiende kuuliza pale dirishani. Kadi ya homa ya manjano beba, wanaweza wasikuulize na wanaweza wakakuuliza. Hela badilisha kwa wenye ofisi, wale wa kukukimbilia na mabunda mkononi waache. Shilingi yetu ina nguvu kuliko yao kwa hiyo ukibadilisha unajiona tajiri kwa dakika tano, mpaka uulize nauli ya boda mjini.

Ukitoka Masaka kuna sehemu inaitwa Kayabwe mstari wa ikweta unakata barabara, magari ya abiria mengine hayasimami, mwombe konda kwa adabu. Kampala lala upande wa Mengo au Rubaga usilale katikati ya mji, Kasubi na Lubiri unazimaliza bila kupita kwenye foleni kubwa. Kiswahili usikitegemee kwa wazee wa Kiganda, hawakipendi sana wanakikumbuka kwa askari wa zamani, anza na salamu ya kwao afu omba Kiingereza. Kwenye kiingilio uliza bei ya Mwafrika Mashariki na uonyeshe kitambulisho, usipouliza unaweza kutozwa ya mzungu. Na wale waongozaji wape kitu mkononi mwishoni, kazi wanafanya.

Zabibu Kavu

Nimepiga picha ya skrini. Asante sana mkuu.

Dada wa Chang'ombe

Kaka na hiyo Mvumi ya Mazengo je? Mbona hujasema utampeleka? Shemeji anaingia kwenye ukoo wenu afu anaonyeshwa Kondoa na Iringa, kijijini kwenu apite?

Mtoto wa Mvumi

Dada umenishika. Nimempigia baba mkubwa leo mchana nikamuuliza habari za mtemi, alidhani nimelewa. Nilipomwelewesha akaongea saa nzima mpaka salio likaisha, mambo ambayo sijawahi kuyasikia na nimekulia kwenye uwanja wake. Kasema mwezi wa sita niwalete hao Waganda atawakalisha chini ya mbuyu, ila nimletee kwanza kilo mbili za sukari na majani ya chai.

Mzee wa Reli

Hiyo ndo hongo yenyewe kijana. Lipa usilie.

Mpita Njia Area D

😂😂😂 Mkienda na gari lenye nafasi nitafuteni, nachangia mafuta.